Maua Aliyopanda Baba Kule Gicigirira

Harufu ya moshi wa kuni mbichi hunikamata hata leo, nikiwa kwenye gorofa ninayopanga hapa Ruiru, pale jirani wa chini anapowasha jiko lake kwa vipande vya mbao za mjengo vilivyonyeshewa. Macho huanza kuwasha, koo hukauka, na kabla sijamaliza kumlaani moyoni najikuta nina umri wa miaka tisa, niko Gicigirira, nawacheka watu wa mjini. Gicigirira kwa Kikuyu ni kisiwa tu, wala hakikuwa kisiwa cha baharini. Kilikuwa kipande cha msitu katikati ya mto Ndarugu, upande wa Theta, mahali ambapo mto uligawanyika ukapita kushoto na kulia, kisha ukakutana tena huko chini kwenye majabali. Ulikuwa msitu wa umma, na kila Jumapili watu walikuja kutoka Ruiru, Juja na Thika kupunga hewa, wamebeba nyama, soda na spika kubwa. Wakifika waliokota kuni zilizolowa ukungu wa mto, wakazipuliza mpaka mashavu yakawauma, na moshi ukatanda chini ya miti hadi adhuhuri. Sisi watoto wa kule tulijua kwamba kuni kavu zilikuwa juu, kwenye matawi yaliyokufa yakiwa bado mtini, lakini hatukuwaambia mpaka waombe. Nilikuwa mtoto mwenye roho mbaya kidogo, na sijabadilika sana.

Nikisema nilikuwa na furaha kisiwani, simaanishi kwamba nyumbani kulikuwa na furaha. Ulikuwa wakati ambapo barabara kuu ya Thika ilikuwa ikipanuliwa, vumbi jekundu likitua hata kwenye maziwa, na kila mtu mzima alikuwa akizungumza habari za ploti. Baba yangu, Karanja, alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma nguo katika kiwanda kimoja cha Thika mpaka kiwanda kikafungwa. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi mjini, akalelewa hapo hapo kati ya milio ya ving'ora na foleni za bombani, na wazazi wake hawakuwahi kumiliki hata mahali pa kupanda sukuma wiki. Kazi ilipoisha tulihamia Theta, kwenye nyumba ya mbao yenye paa la mabati, kwa sababu kodi ya huko ilivumilika. Mama aliuza nguo za mitumba Ruiru, na siku zake kubwa zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Baba aliketi mlangoni kwenye stuli tangu asubuhi, akitazama barabara, mikono yake ikiwa imelala juu ya magoti. Mama hakumgombeza. Alipika, akapakua, akaondoka, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko kelele. Mimi nilikuwa nikipita katikati yao nikiwa nimejikunyata, nikiogopa kuangusha hata kijiko.

Aliyemtoa baba kwenye stuli ile alikuwa mtu mmoja aitwaye Kamande, mwenyekiti wa kikundi cha kuhifadhi msitu wa kisiwani. Uso wake umenipotea kichwani, ila tabasamu lake nalikumbuka vizuri, kwa sababu lilikuwa halitoki hata alipokuwa akikohoa. Alikuja siku moja akiwa na buti mpya za mpira mkononi, akamwambia baba kwamba kisiwa kinahitaji mtu wa kukiangalia, mtu mwenye akili ya ufundi, na kwamba malipo hayangekuwepo ila heshima ingekuwepo. Baba alizivaa zile buti pale pale mlangoni. Wiki hiyo hiyo alikuwa ameng'oa magogo yaliyooza kwenye daraja la kuvukia na kuweka mengine. Alitundika bembea za kamba na matairi ya zamani, akachonga vidato kwenye mteremko, akaondoa mawe makali kwenye bwawa ambamo watu waliogelea. Kulikuwa na jabali moja refu lililokuwa likilowa maji wakati wote, nasi tulipasua mitungi ya mafuta katikati, tukaikalia, na kuteleza juu yake mpaka majini huku tukipiga mayowe. Baba aliliparuza jabali lile kwa brashi ya waya ili lisitutoe damu. Jioni alirudi nyumbani ananuka matope na majani, akala ugali wote, na mara moja nilimsikia akimsimulia mama kisa cha tumbili aliyeiba wigi la bibi harusi aliyekuja kupigwa picha. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nilipojua kwamba nyumba yetu ilikuwa ikitegemea kile kisiwa, na hofu ikanishika hapo hapo katikati ya kicheko.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kirefu, na katikati kilibana kikawa chembamba kama kiuno. Upande wa juu, karibu na daraja, palikuwa na mawe na vichaka vya miiba, na watu waliokwenda huko walikuwa hasa wale wa kufunga na kuomba, wanaume waliovaa suti wakitembea huku na huku chini ya miti, wakimkemea shetani kwa sauti iliyowatisha ndege. Upande wa chini, ukishapita kiuno, ndiko kulikokuwa na uhai wote. Hapo palikuwa na bwawa, jabali la kuteleza, bembea, na uwanja wa nyasi fupi ambao baba aliufyeka kwa panga akiwa ameinama siku nzima. Vijana wa kanisa walicheza kamba, maharusi walipigwa picha, na familia moja ya Waislamu wenye duka Thika walitandika mikeka yao karibu na maji wakatugawia sambusa sisi watoto tusio na aibu. Watu walimuuliza baba majina ya miti, naye alipokuwa hajui alibuni. Nilimsikia akiwaambia wageni kuwa mti fulani huitwa mtulivu, na mpaka leo kuna watu wanaotembea duniani wakiamini hivyo.

Mvua za masika zilipokaribia, Kamande alikuja na pikapu iliyojaa magunia. Ndani ya magunia kulikuwa na mizizi minene yenye umbo la kitunguu kikubwa, mingine ikiwa na majani marefu ya kijani yaliyokatwa nusu. Alimpigapiga baba begani.

"Karanja, unajua hawa wageni wanapenda mapicha," alisema. "Sasa tupande hii maua hapa kwa kiuno, kutoka maji ya huku mpaka maji ya kule. Mstari moja, straight kabisa. Ikichanua, hii place itakuwa maridadi."

"Hii ni maua gani?" baba aliuliza.

"Ni maua tu ya kienyeji. Haisumbui, haihitaji dawa. Ikishika, imeshika."

Baba alifurahi kama mtu aliyeletewa ng'ombe. Alivuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo, maana fundi wa mitambo hawezi kupanda kitu kikaenda kombo, akachimba mashimo, akaweka mzizi mmoja mmoja na kuufunika kwa mikono yake. Mimi nilichota maji mtoni kwa mtungi wa mafuta, nikamwagilia nyuma yake, na nilijisikia mtu wa maana sana. Katikati ya mstari aliacha mwanya wa kupita wageni. Mwanamke mmoja wa mashamba ya jirani alipita akiwa amebeba majani ya ng'ombe mgongoni, kamba ikiwa kipajini. Alisimama akatutazama kwa muda. "Haya," akasema mwishowe, "kama wakubwa wameamua, sisi ni nani?" Baba alimshukuru, akidhani anasifu usafi wa kazi. Mwanamke yule alitikisa kichwa akaenda zake, na baba akaendelea kupiga mluzi.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka huo. Maua yalichanua meupe yenye mistari ya waridi, yakainamisha vichwa juu ya majani, na nyasi za mtoni zikaota haraka zikaziba udongo uliochimbwa, hivi kwamba ungedhani yalikuwa hapo siku zote. Mizizi ile ilikuwa mikubwa, iliyokomaa, na sikuwahi kujiuliza ilikuwa imeng'olewa wapi. Wageni walijipanga kwenye ule mstari kupigwa picha. Baba alisimama kando na buti zake, mikono ameikunja nyuma, akijifanya hasikii sifa.

Mama aliyaona Jumapili moja ambapo soko la Ruiru lilikuwa limefungwa kwa sababu ya matingatinga ya barabara. Kwa siku nyingi baba alikuwa amemsihi aje. Alivaa gauni lake zuri, akavuka daraja akimshika baba mkono, na baba akawa anamwonyesha hili na lile kama mtoto anayeonyesha meno mapya. Walipofika kiunoni, mama alisimama ghafla. Nilimwona akitazama kushoto mpaka majini, kisha kulia mpaka majini, na mkono wake ukaachia wa baba.

"Ngai," alisema. "Baba Njoki, nani amepanda itoka hapa?"

"Itoka ni nini?"

"Usinicheze. Nani amepanda?"

"Ni mimi. Si ni maua? Kamande ndiye alileta."

Mama alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake zuri. Yeye alizaliwa kwenye mashamba ya Gatundu, na aliongea polepole, akitazama mto badala ya kumtazama baba. Alisema kwamba itoka halipandwi kwa urembo. Tangu zamani za mababu, Wakikuyu hupanda matoka kuonyesha mahali shamba la mtu linapoishia na la mwingine kuanzia. Ukiona mstari wa matoka, umeona mpaka, na hakuna anayeuliza zaidi. Wala hakuna anayeyang'oa, kwa sababu anayeng'oa itoka hujiletea laana yeye na watoto wake, na hata mlevi wa kupindukia huyapita mbali. "Umewakatia kisiwa," alisema. "Umekata hapa katikati, na upande mzuri wote umebaki kule."

Baba alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri aambiwe kwamba ni mzaha. Halafu aliacha. Alitazama ule mstari wake alioupanga kwa uzi, ulionyooka vile. Leo namwelewa kuliko siku ile. Mtu ambaye hajawahi kuwa na shamba atajulia wapi alama za mashamba? Kule kwenye nyumba za wafanyakazi mipaka ilikuwa kuta za mawe na nambari za milango. Lakini siku ile nilimwona tu baba yangu akiwa mjinga mbele ya mama, na nilitaka ardhi immeze Kamande, si yeye.

Alimtafuta Kamande nyumbani kwake, akaambiwa amesafiri. Akamtafuta tena, akaambiwa analala. Kisha lori likashusha nguzo za saruji karibu na daraja, na wanaume wenye vifaa vya kupimia ardhi wakavuka wakasimama kiunoni, wakielekeza vidole kwenye maua. Walisema kuna kampuni yenye karatasi za upande wote wa chini, kuanzia kwenye mpaka wa matoka, mpaka ambao kila mtu wa hapa anaujua. Asubuhi iliyofuata baba alichukua jembe. Mama alimfuata hadi nje, na mimi nyuma yao, sijavaa hata viatu.

"Nitang'oa yote," baba alisema. "Ni mimi nilipanda, ni mimi nitang'oa."

"Haing'olewi."

"Wewe unaamini hiyo mambo?"

"Mimi sijui kama naamini," mama alisema, naye amelishika jembe upande wa pili. "Lakini tuko na mtoto moja. Sasa nijaribu na huyu mtoto ndio nijue kama ninaamini?"

Walisimama hivyo, kila mmoja ameshika mpini, na kuku wa jirani wakipita miguuni pao. Baba ndiye aliyeachia kwanza. Sijawahi kumlaumu mama kwa siku hiyo, ingawa nimejaribu. Alikuwa akinilinda mimi, na kitu alichokuwa akinilinda nacho kilikuwa cha kweli kwake kama vile moto ulivyo wa kweli. Kinachonikera mpaka sasa ni kwamba mtu aliyeng'oa ile mizizi kwenye mpaka wa shamba la mtu mwingine, mahali fulani nisipopajua, akaitia kwenye magunia na kutuletea, hakuogopa chochote. Sisi tuliofundishwa kuheshimu ndio tuliofungwa kwa heshima yetu.

Lililobaki lilikuwa baraza. Chifu aliita watu uwanjani, na walikuja wengi, wenye mashamba, wachuuzi, waumini wa kule kwenye mawe, hata vijana wanaoponda kokoto. Watu wa Jumapili, wale wa Ruiru na Thika waliojipanga kupigwa picha, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna baraza. Baba alikuwa amenyoa ndevu. Nilijua kwamba kusimama pale mbele ya watu wote na kukiri kwamba hakujua maana ya itoka ni kitu kilichokuwa kikimla tangu tulipoamka, kwa kuwa hakugusa chai. Lakini alisimama. Alisema yeye ndiye aliyeyapanda matoka yale, msimu huu huu, kwa mikono yake, na kwamba aliambiwa ni maua.

Kisha mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akakohoa, na kicheko kikaanza upande mmoja kikasambaa mpaka kikafika mbele. Sikuwahi kusikia kicheko kikubwa namna ile kisicho na furaha ndani yake. Mzee mmoja alijifuta machozi kwa kofia.

"Wewe Karanja," alisema, "wewe ni Mkikuyu ama ulizaliwa kwa ndege?"

"Nilizaliwa Thika."

"Na Thika watu hawana cucu, hawana nyanya wa kuwafunza? Mtu mzima hivi apande itoka akisema ni maua! Hiyo uongo ungetafuta ingine."

Hapo ndipo ubaya wote ulipokuwa, na umenichukua miaka kuuona vizuri. Hawakumkataa kwa sababu walinunuliwa, ingawa baadhi yao huenda walikuwa wameahidiwa kitu. Wengi walimkataa kwa moyo safi. Kosa lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna mtu wa pale aliyeweza kuliamini, na kwa kuwa hawakuliamini, mpaka ukabaki wa tangu zamani na yeye mtu aliyeupalilia tu. Yule mwanamke wa majani ya ng'ombe alikuwepo, naye alipoulizwa alisema ukweli wake, kwamba aliona mpaka, akamwona Karanja akiutengeneza vizuri, akadhani ametumwa na wakubwa. Nilipiga kelele kutoka mahali watoto walipoketi. "Mimi nilimwagilia! Nilibeba maji na mtungi!" Watu wakacheka zaidi. "Ona sasa," mtu akasema, "amefunza hata mtoto." Mama alisimama akasema yeye analijua itoka tangu kuzaliwa na mumewe halijui, akaambiwa kwamba mke mzuri ni yule anayemsitiri mume wake.

Kisha Kamande aliinuka, akanyoosha mikono kuwatuliza. "Wacheni kumcheka," alisema kwa upole. "Karanja ni mtu mzuri, amefanya kazi mzuri hapo. Ni vile tu mtu akipoteza kazi, mambo inakuwa mengi kwa kichwa." Watu walinyamaza kwa huruma. Baba alikuwa angali amesimama. Kicheko alikuwa amekivumilia, lakini ile huruma ilimkalisha chini.

Ua wa waya ulijengwa ukifuata matoka, hakuna hata moja lililoguswa. Upande wa chini ukafungwa, bwawa, jabali, bembea na uwanja wa nyasi, na upande wa mawe na miiba ukabaki wa umma, kama zawadi. Baba alizirudisha buti zile kwa kuzitundika kwenye nguzo ya kwanza ya saruji. Watu wakampa jina la Baba Maua, na shuleni mimi nikaitwa Maua, jina zuri ambalo sikuwahi kulijibu. Baadaye alianza kutengeneza pikipiki za bodaboda kando ya barabara, na akawa hodari, lakini hakuvuka tena lile daraja. Hakuna laana iliyotupata, kama kuna anayetaka kujua. Tulipatwa na mambo ya kawaida tu. Baba alipunguza maneno mwaka hadi mwaka, na wigi la bibi harusi halikusimuliwa tena nyumbani kwetu.

Sasa nina mtoto wa kiume, naye anaitwa Karanja, jina la baba yangu kama desturi yetu inavyotaka. Tunaishi gorofa ya nne, na mahali pake pa kucheza ni kati ya magari yaliyoegeshwa, mlinzi akimfokea kila mpira unapogusa mlango wa gari. Mashamba niliyoyajua Theta yamekuwa majengo, na kila jengo limepewa jina la bustani au la mto. Umri wake nilipokuwa nao mimi, nilikuwa naogopa kuangusha kijiko nyumbani, lakini nikitoka nje nilikuwa na mti, na kivuli, na punde nikawa na kisiwa kizima. Yeye nyumbani haogopi kitu. Nje ndiko hana pake. Sijui nani kati yetu amepata hasara kubwa zaidi, na swali hilo hunikasirisha kila ninapolipima, kwa hiyo huliacha nikaenda kufua.

Majuzi, Jumapili, nilimshawishi baba twende naye kisiwani pamoja na mtoto. Nilidhani atakataa, lakini mama alikuwa ameshamwandalia kofia. Daraja sasa ni la chuma. Upande wa umma umewekwa mabenchi, watu wanakimbia wakiwa na saa za kupimia mapigo ya moyo, vijana wanaendesha baiskeli juu ya yale mawe, na waumini bado wapo, wanamkemea shetani yule yule. Tulitembea mpaka kiunoni, tukakuta ule ua wa waya, na nyuma yake paa za vigae vyekundu, na sauti za watoto wakiruka majini. Matoka yalikuwa yamezaana yakawa mstari mnene unaofika gotini. Yalikuwa yamechanua. Mwanangu alichuchumaa akayagusa.

"Guka, nani alipanda hii maua?" aliuliza.

Baba hakusita hata kidogo. "Hizo? Hizo ni za kitambo sana," alisema. "Hata mimi nilizikuta hapa. Ni mpaka ya watu wa zamani."

Nilimgeukia nikidhani ananitania. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Nikaelewa kwamba amekuwa akisema hivyo kwa muda mrefu, labda kwa wateja wake wa bodaboda, labda kwake mwenyewe, kwa sababu katika ule uongo wa Kamande, kwamba mpaka ulikuwepo tangu zamani, yeye hakuwa mjinga, na katika ukweli alikuwa ndiye mjinga peke yake. Nilihisi uchungu ambao sikuuhisi hata siku ya baraza. Ningeweza kunyamaza. Nafikiri mtu mwema angenyamaza.

"Si kweli," nilimwambia mtoto. "Ni Guka alizipanda. Zote. Mimi nilikuwa nabeba maji."

Baba alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Njoki, usimwambie mtoto hiyo mambo," alisema kwa sauti ya chini. "Atanicheka."

Karanja hakucheka. Aliyatazama maua kutoka maji ya huku mpaka maji ya kule, akaitazama mikono ya babu yake, akayaamini yote mara moja, bila kumuuliza mtu yeyote alizaliwa wapi. Halafu akashika waya wa ua kwa vidole vyake na kuchungulia upande wa pili, kule watoto wenzake walikokuwa wakiruka bwawani.

"Kama ni wewe ulipanda, si basi ni yako?" alisema. "Guka, mbona hatuingii?"

Baba alipiga goti mbele yake akaanza kumfunga kamba za viatu. Kamba hazikuwa zimefunguka. Alizifungua, akazifunga, akazifungua tena, na hakuinua uso.